Daktari Ufunguo na Neno "Hasikii"

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Sogezeni viti, na aliye jikoni apunguze kelele za sufuria. Leo tunamkumbuka daktari wa meno tuliyemzika juzi. Watoto walimwita Daktari Ufunguo, na jina hilo alilipenda kuliko lile lililoandikwa mlangoni.

Kwa nini Ufunguo? Kazi yake ilikuwa kupanua kaakaa, ile dari ya mdomo. Mtoto mwenye kaakaa jembamba alibandikiwa huko juu kidude cha chuma chenye skrubu. Nyumbani, mzazi aliizungusha skrubu kidogo kidogo kwa kifunguo chembamba, na kaakaa likapanuka polepole. "Fungua mlango," daktari angemwambia mtoto, "mimi nifungue dari." Mtoto akacheka, udenda ukimtiririka hadi kidevuni.

Siku moja mama mmoja, muuza vitambaa, alimrudisha binti yake kukaguliwa. Akasema, "Daktari, kidude chako kimenitengenezea mtoto mpaka tabia! Huyu alikuwa hasikii. Ukimwita, kimya. Ukimtuma, kaduwaa. Siku hizi anasikia!"

Wauguzi wakacheka. Daktari hakucheka. Aliweka kioo chake, akazunguka nyuma ya kiti, akanong'ona, "Unapenda rangi gani?"

"Njano," mtoto akajibu.

Hasikii. Lugha yetu, wasikilizaji, haikutenganisha. Asiyetii, hasikii. Mwenye sikio bovu, naye hasikii. Neno moja, na fimbo ile ile.

Tangu hapo aliwapeleka watoto aliowatibu kwa daktari wa masikio, wapimwe kabla na baada. Si wote waliopata nafuu, na hapo alikuwa mkali: "Mimi ni wa meno. Masikio yana wenyewe, anzeni kwao." Lakini kwa baadhi, kaakaa lilipopanuka, ule mrija unaotoka sikioni kuja nyuma ya pua ulianza kufunguka vizuri. Majimaji yaliyojaa nyuma ya ngoma ya sikio yakapungua, wakasikia.

Kila mzazi aliyeshukuru alimtonesha kidonda. Yeye naye alikuwa mama, mwenye mwana. Mwana huyo alilala mdomo wazi, akikoroma kama babu, meno yamepandana. Mama aliyaona, akasema yatasubiri, wagonjwa wako foleni. Mganga hajigangi, na huyu hakumganga hata mwanawe. Mtoto alipoitwa asiitike, alichapwa. "Sikio la kufa halisikii dawa," mama alimwambia mbele ya wageni. Mtoto akajitafutia kinga: kila alipoona midomo ya mama inacheza, alijibu upesi, "Nimesikia, mama."

Mama alipotambua kuwa tatizo ni masikio, mwana alikuwa mtu mzima, fundi wa kushona mapazia. Mifupa ya kaakaa imekomaa, masikio yameshaharibika. Alitaka kumwomba radhi. Akifika kwenye kibanda chake, cherehani inanguruma, ujasiri unamwishia, ananunua pazia, anarudi nyumbani.

Mdogo wa marehemu anatuambia: "Nyumba ile ina mapazia mengi kuliko madirisha. Nikamwambia, dada, sema naye! Akasema, kesho."

Kesho ikamkuta kitandani hospitalini, sauti imekwisha. Mwana alikuwa ameinama akimwekea mto. Mama akanong'ona. Mdogo wake alisikia kila neno: "Mwanangu, hukuwa mkaidi. Ni mimi sikusikia. Nisamehe."

"Nimesikia, mama," mwana akajibu. Akainuka, akaenda kufunga dirisha.

"Dada alimfuata kwa macho mpaka dirishani," anasema mdogo wake. "Nikataka kumwita mtoto nimwambie. Dada akanishika mkono. 'Acha,' akasema, 'nitamwambia mwenyewe kesho, nikipata sauti.'"

Hakuipata, wasikilizaji. Alfajiri haikumkuta.

Baada ya mazishi mama mdogo alimketisha kijana, akamweleza kwa sauti kubwa, neno kwa neno. Fundi mapazia akasema, "Nilidhani anasikia baridi. Ningejua, ningemwambia nilishamsamehe siku aliponunua pazia la kwanza."

Kwa mwana huyo, kwa mama yake mdogo, na kwa watoto wote waliofunguliwa dari, kituo chetu kinawapa pole. Inauma, na hatutajifanya haiumi.

Nasi tuliobaki, kabla hatujasema mtoto huyu hasikii, tuzunguke nyuma yake. Tulinong'one jina lake. Kisha tusubiri.