Ile Tarehe ku Machine ya Lambert

BERTHE: Alo… alo, Kinshasa? Nani iko pale?

DÉSIRÉ: Service informatique, kwa machine za kompyuta, nasikiliza. Kwenu ni wapi?

BERTHE: Kisangani. Ni Berthe.

DÉSIRÉ: Yaya Berthe? Ee, dada yangu, sauti yako inatoka sawa vile iko chini ya ndoo. Muko muzuri? Mama je?

BERTHE: Mama iko. Tuko wote. Na weye, Désiré?

DÉSIRÉ: Tunasukuma. Lakini hapa ku kazi usiniite Désiré, yaya, unajua majina ya padri, ya ubatizo, serikali ilikataza. Hapa tuko wote citoyen, raia; niko Citoyen Kasongo.

BERTHE: Bon. Citoyen Kasongo.

DÉSIRÉ: [anacheka] Kwa kinywa yako inanichekesha. Unapigia wapi?

BERTHE: Ku bureau yetu, hapa ku kazi. Ku simu ya délégué, mukubwa wetu. Yeye alienda kula kwake. Odile wa central ya simu alinipatia laini, lakini alisema itakuwa kafupi, kuko wakubwa wanaingojea.

DÉSIRÉ: Alors ongea mbio. Mama anagonjwa?

BERTHE: Nilisema mama iko. Disketi yenu ilifika na ndege.

DÉSIRÉ: Ilifika? Yaya, ile ni mukono yangu. Miye mwenyewe niliiandika, chef alinisifu mbele ya service muzima. Unaiingiza, unagonga kifungo ya Entrée, inatafuta ndani ya machine kama ile programme ya kuandika, Plume, iko ao haiko. Inakujibu PRESENT ao ABSENT. Mistari kidogo tu. Inafanya kazi?

BERTHE: Inafanya.

DÉSIRÉ: Unaona.

BERTHE: Délégué alinituma miye niipitishe ku machine zote, juu yeye hajue kugonga clavier. Kwangu iliandika ABSENT. Kwa comptable, mutu ya hesabu, ABSENT. Kwa Lambert, PRESENT.

DÉSIRÉ: Lambert gani? Ule anaendaka kununua kahawa ku ma village?

BERTHE: Ule ule. [laini inakwaruza] …watu wa usalama na jeep, leo asubui. Walimuchukua.

DÉSIRÉ: Sikusikia. Walifanya nini?

BERTHE: Walimuchukua. Alikuwa anakunywa chai yake. Kikombe iko hapa bado, na inzi imeingia.

DÉSIRÉ: Yaya, hapa walituambia tu ni contrôle ya machine. Walisema yale makaratasi yalitupwa ku soko, herufi zake ni za Plume, kwa hiyo société, kampuni yetu, inapashwa kujua ku machine gani—

BERTHE: Najua makaratasi gani.

DÉSIRÉ: Taratibu na simu, yaya.

BERTHE: Odile ni jirani wetu wa Kabondo. Na wa central ya kwenu?

DÉSIRÉ: Wa huku ni mutu ya Lingala, Kiswahili hasikie. Lakini hata vile.

BERTHE: Ile karatasi haikutukana mutu. Iliuliza tu Sylvain wangu na wenzake wa faculté, ya chuo kikuu, wako wapi. Basi.

DÉSIRÉ: Yaya.

BERTHE: Mutoto wangu anachukuliwa ku masomo, mvua ya kwanza inapita, ya pili inapita, hakuna mutu ananiambia kama anakula. Weye mujomba, noko yake, ulishauliza?

DÉSIRÉ: Niliuliza. Waliniambia nisirudilie tena kuuliza.

BERTHE: Njo hivyo.

DÉSIRÉ: Unalia?

BERTHE: Hapana. Sisikie kitu ndani ya roho. Tangu asubui sisikie kitu. Nimekula hata, nilinunua kwanga ya muhogo na samaki, nikamaliza yote. Claudine, muke ya Lambert, alipeleka sahani ya mboga ya pondu kule walimuweka, wakamurudisha nayo. Sasa anaikaa huku chini ku ngazi na sahani yake. Nilipita mbele yake, nikamusalimia sawa ni siku ya kawaida.

DÉSIRÉ: Lambert na siasa wapi na wapi. Ule anapenda tu kuongea juu ya mpira.

BERTHE: Donc disketi yako inaongopa.

DÉSIRÉ: Machine haiongopake, yaya. Kama ilisema PRESENT—

BERTHE: Niliangaria. Délégué alipoenda kula, niliwasha machine ya Lambert. Hakuna Plume. Iko kartoni tu, ile munaita répertoire, na jina ya Plume juu yake. Ndani haina kitu.

DÉSIRÉ: Tupu kabisa?

BERTHE: Tupu.

[laini inapiga mluzi]

DÉSIRÉ: Ee Mungu.

BERTHE: Nini?

DÉSIRÉ: Disketi haifungue kartoni. Inasoma jina ya inje tu. Ikiona jina, inasema PRESENT, inapita. Niliiandika vile juu ifanye mbio. Walinisukuma, walitaka ipande ndege ya siku ile ile. Nikasema kama mutu iko na kartoni, iko na programme, nani ataweka kartoni bule?

BERTHE: Mutu anafuta vyote vya ndani, kartoni inabakia?

DÉSIRÉ: Inabakia. Kuifuta yenyewe kuko na amri ingine. [anapumua] Donc walikamata mutu juu ya kartoni.

BERTHE: Donc piga telex. Weye uko Kinshasa, délégué atakuamini. Miye nikimuambia disketi ya direction iko na kosa, atasema secrétaire, mwandishi wake tu, anajua nini.

DÉSIRÉ: Nitasema kazi yangu ni mubaya? Chef alinikamata mukono jana, yaya, leo niende kumuambia—

BERTHE: Iko mutu mufungwa, Désiré.

DÉSIRÉ: Kasongo. Pardon. Naelewa. Ngoja kwanza, ngoja. Kartoni tupu haisaidie sana, watasema alifuta. Iko kitu muzuri kupita ile. Uko mbele ya machine?

BERTHE: Niko mbele yake. Kamba ya simu inafika.

DÉSIRÉ: Andika DIR, gonga Entrée. Pembeni ya kila jina iko tarehe. Ile ya Plume inaonyesha siku kartoni ilitengenezwa. Kama siku ile Lambert hakukuwa ku bureau, amepona. Hata jeep haiwezi kubishana na tarehe. Unaona?

BERTHE: Naona.

DÉSIRÉ: Inasema nini?

BERTHE: Ni siku Lambert alikuwa Bafwasende, kwa kahawa.

DÉSIRÉ: Kweli?

BERTHE: Kamyon ilikwama kule ku matope. Alikawia mpaka tuliogopa. Feuille ya mission, karatasi ya safari yake, iko na cachet, muhuri ya zone.

DÉSIRÉ: Basi imekwisha. Yaya, imekwisha, ametoka. Napiga telex sasa hivi: angalieni tarehe, mulinganishe na mission yake. Mbele ya jua kuingia atakuwa kwake. Mbona haufurahi?

BERTHE: Nafurahi.

DÉSIRÉ: Haisikike.

BERTHE: Nilikuambia sisikie kitu.

DÉSIRÉ: Lakini… alo? Alo?

BERTHE: Niko.

DÉSIRÉ: Niliona umekatika. Lakini iko kitu. Ile machine ya Lambert haina pile, betri ya saa. Nilipokuja kuziweka mwaka ule, zote zilikuwa vile. Ukiwasha inaomba tarehe, na watu wa kwenu wote wanagonga Entrée tu, wanapita. Kila kitu inabakia mwaka wa makumi nane, janvier, mwezi wa kwanza, tarehe moja. Ni kweli?

BERTHE: Ni kweli. Vitu yote ya Lambert ni janvier, tarehe moja.

DÉSIRÉ: Alors Plume inatoka wapi na tarehe ya kweli? Yaya, nakuuliza. Nani pale ku bureau anaandikaka tarehe mbele ya kuanza kazi? Niliwafundisha wote, mutu mumoja tu njo alishika. Wengine walimucheka, walisema… walisema secrétaire anasalimia machine sawa padri anafungua misa.

BERTHE: Lambert njo alisema vile.

[laini inakwaruza kwa murefu]

DÉSIRÉ: Hapana.

BERTHE: Imprimante, ile machine ya kuchapa, iko kwake. Ku bureau yote ni ile moja.

DÉSIRÉ: Usiseme kitu ingine.

BERTHE: Alikuwa Bafwasende. Bureau yake haikuwa na mutu. Disketi ya Plume ilikuwa ya Sylvain, aliipata ku faculté, ilibakia ndani ya Biblia yake, na—

DÉSIRÉ: Berthe. Nakuomba. Usiseme.

BERTHE: Halafu nilifuta. Nilifuta moja moja. Sikujua kartoni inabakia.

DÉSIRÉ: Sikiliza miye. Délégué atarudia saa ngapi?

BERTHE: Anakulaka, analala kidogo.

DÉSIRÉ: Bon. Andika RD, acha nafasi, andika Plume, Entrée. Inakwenda. Kartoni, tarehe, yote. Mutu hatajua kama ilikuwa pale.

BERTHE: Na PRESENT ya asubui? Délégué aliisoma na macho yake.

DÉSIRÉ: Nitasema disketi iliharibika na joto ku ndege. Nitasema kosa ni yangu. Watanifukuza, bon, wanifukuze.

BERTHE: Wataamini? Désiré, watamuachia Lambert juu ya disketi iliharibika?

DÉSIRÉ: Watamupiga maswali, wataona hana kitu, watamuachia.

BERTHE: Sylvain pia alikuwa hana kitu.

DÉSIRÉ: Unaniomba nini, yaya? Unaniomba na mukono yangu niandike telex inakupeleka weye?

BERTHE: Nakuomba uandike: angalieni tarehe. Ile tu. Jina yangu usiweke.

DÉSIRÉ: Jina yako iko ndani ya ile tarehe. Watu wote wa bureau wanajua nani anaandikaka. Mutu ya kwanza watamuuliza atasema akicheka, hata hatajua anasema nini.

BERTHE: Najua.

DÉSIRÉ: Na mama? Nani atabakia na mama?

BERTHE: Adèle, binamu yetu, ataikaa naye. Nilimutumia neno asubui. Nilisema naenda safari ya kazi Basoko.

DÉSIRÉ: Asubui? Ulikuwa unajua tangu asubui?

BERTHE: Nilijua nilipoona PRESENT. Tarehe njo sikujua. Nilikuwa natafuta kitu ya kumutoa Lambert, haukusikia? Bila ile, nikienda kusema ni miye, watasema ni wawili, watafunga wawili. Sasa iko kitu. Yeye Bafwasende, miye hapa. Wazi.

DÉSIRÉ: Siwezi, yaya. Siandiki.

BERTHE: Bon.

DÉSIRÉ: Usiseme bon vile. Futa ile kitu. Vidole vyako viko pale, futa, nakulilia.

BERTHE: Unalia kweli?

DÉSIRÉ: Ndiyo nalia. Watu wa service wananiangalia.

BERTHE: Nangojea na miye ikuje. Haikuje. Claudine alifungua ile pondu, anapatia mutoto wa sentinelle, mulinzi. Yeye Claudine iko na mimba, Désiré. Namuona hapa ku dirisha.

DÉSIRÉ: Miye naangalia wangu. Iko dada yangu mumoja tu.

BERTHE: Sikukasirikie. Ungekuwa weye hapa, na miye ningesema futa.

DÉSIRÉ: Basi futa.

BERTHE: Ngoja.

DÉSIRÉ: Unafuta?

BERTHE: Ngoja, mulango ya chini… [laini inakwaruza] …viatu vyake. Hakulala leo.

DÉSIRÉ: Délégué? Yaya, futa mbio, RD, nafasi—

BERTHE: Odile anagonga, anataka laini. Désiré, mama anapenda umuandikie. Hata mistari kidogo. Na ukikaa na njaa usikae kimya, uko na ndugu Matete, uende kwao.

DÉSIRÉ: Berthe, umefuta ao haukufuta?

BERTHE: Iko ku écran, ku kioo ya machine, mbele yangu. Inawaka muzuri. Kata sasa.

DÉSIRÉ: Sikati. Nitaandika, nitaandika ile telex, umusikie kwanza, usimuambie kitu, ngoja telex—

BERTHE: Kata, mutoto ya mama. Anaingia.

DÉSIRÉ: Yaya—

BERTHE: Citoyen Délégué, mbele ya kuikaa, ukuje uangarie hii tarehe. Hapa ku bureau, ni miye tu naandikaka tarehe.