Namba ya Salumu Fundi

Ukitoka soko la samaki la Bagamoyo ukapandisha kama unaelekea Magomeni, pale penye mashine ya kusaga iliyokufa zamani likabaki jina lake tu, utakuta benchi refu la mninga na watu wasio na haraka. Hapo ndipo Kona ya Mashine. Kahawa ni ya Bi Ashatu, mwanamke mwenye dele la shaba na ulimi usiomwogopa mtu. Benchi nalo lina wenyewe. Kuna Mahmoud, karani wa mahakama aliyestaafu, na mpaka leo anaitwa Karani. Kuna Khamis Tume, aliyepewa jina hilo kwa sababu hata paka akiiba samaki yeye hutaka iundwe tume. Kuna na Sufiani, dereva wa bodaboda na baba wa watoto wawili, anayejiita Setilaiti kwa kuwa, ati, hakuna kinachompita. Nafasi ya nne, ile ya mwisho karibu na dele, haikaliwi. Ilikuwa ya Salumu, fundi redio na simu, Mungu amrehemu, na huu ni mwaka wa tano tangu azikwe.

Alhamisi hiyo, baada ya alasiri, kijiwe kilikuwa na shughuli nzito: Baraza la Mwambao lilikuwa linahama. Baraza hilo si la matofali. Ni uwanja wa mtandaoni ambako watu wa Bagamoyo na Pangani, na popote walipotawanyika, wameandikiana kwa miaka kumi na sita. Mtambo uliokuwa ukilihifadhi unafungwa. Msimamizi wake, Shadya, binti wa Kaole anayeishi Maskati, amehangaika mpaka akapata mtambo mwingine. Ila huo mpya una masharti: maneno ya mtu hayahami bila ridhaa yake. Kila aliyejiandikisha anatumiwa namba ya siri kwenye simu yake, anaijaza, basi amehama. Mwisho ni kesho, baada ya sala ya Ijumaa. Kitakachobaki nyuma kitafutwa.

Sasa kijiwe kizima kilijiandikisha kwa jina moja, Kona ya Mashine, na kwa namba moja ya simu, ya Salumu. Wao walisema, yeye aliandika, na hakuna aliyewahi kuona ubaya wake.

— Hili ni jambo la tume, alianza Khamis. Watu watatu, barua moja, muhuri wa mtendaji wa kata na nakala ya cheti cha kifo. Tunaupelekea huo mtambo.

— Uko wapi huo mtambo? aliuliza Bi Ashatu.

— Upo.

— Wapi, Khamis?

— Wahenga walisema, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kwa hiyo anwani si tatizo.

— Na hilo guu limeingiaje hapa?

Sufiani alicheka, akaweka simu yake magotini.

— Mzee Tume, barua zimepitwa na wakati. Laini zote siku hizi zinasajiliwa kwa kidole. Tupate kidole cha marehemu, mchezo umeisha. Bi Ashatu, ile bisibisi ya Salumu si unayo?

— Ninayo. Ndiyo ninayofungulia mkebe wa kahawa.

— Basi kwenye mpini pana alama za dole gumba lake. Napiga picha, natuma, kesho tumehama. Simpo.

— Miaka mitano naishika mimi. Mtambo utasema Salumu amekuwa mwanamke, tena mpika kahawa.

— Sauti je? alisema Khamis. Nimesikia mitambo mingine inasikiliza sauti. Na mimi kikohozi cha Salumu nakijua.

Akakohoa. Akakohoa vizuri hasa, kile kikohozi cha mara mbili halafu ya tatu ndogo, mpaka Mahmoud akajikuta amegeuka kuitazama ile nafasi ya mwisho. Akacheka pamoja nao.

— Haba na haba hujaza kibaba, alisema Khamis kwa fahari. Nikikohoa mara nyingi, mtambo utakubali.

— Ngoja nijaribu tena, alisema Sufiani, akabonyeza palipoandikwa "Tuma tena". Hii ya nane.

— Siku ya tatu unamgongea mtu kaburini, alisema Bi Ashatu. Hebu mwache apumzike.

Mambo yaliyomo mle Barazani Mahmoud aliyajua moja moja. Mlikuwa na siku Naila, binti wa Khamis, alipoishiwa damu akijifungua: Salumu aliandika saa nne asubuhi, na kabla ya adhuhuri watu tisa walikuwa wamefika hospitali, wawili kutoka Mlingotini kwa baiskeli. Mlikuwa na habari za dele la Bi Ashatu lililoibwa, na mtu wa Pangani asiyemjua akamletea hili la shaba. Na mlikuwa na Abdurabi.

Abdurabi alikuwa mdogo wake Mahmoud, aliyeondoka mwaka sabini na tisa akasemekana yuko Ngazija, kisha kimya. Salumu ndiye aliyesema, "Karani, niambie, mimi naandika." Wiki ya sita likaja jibu. Mwaka mzima ndugu wawili waliandikiana kupitia vidole vya Salumu, kisha Abdurabi akaja, akakaa Bagamoyo miaka miwili, akafia mikononi mwa kaka yake. Maneno yale ya mwaka mzima hayakuwa kwenye karatasi yoyote duniani. Yalikuwa mle, na kesho yangefutwa.

Kulikuwa na jambo jingine, na hilo Mahmoud hakumwambia mtu. Kila asubuhi ya Idi alimtumia Salumu ujumbe kwenye ile namba yake ya zamani. Hakurukwa na akili. Alijua fika anamwandikia marehemu. Ila mwaka juzi alijibiwa. Maneno matatu tu: "Amina. Na kwako." Alijua laini imepewa mtu mwingine. Alijua pia kwamba akipiga simu atasikia sauti ya mtu huyo, na hapo Salumu atakuwa amekufa mara ya pili. Siku tatu hizi alifungua kinywa mara kadhaa aseme, akakifunga. Alijionea haya.

Ndipo bodaboda ikasimama ikamteremsha mama mmoja mwenye kikapu.

— Hodi hapa. Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, karibu, starehe.

— Hapa ndipo Kona ya Mashine? Mimi Hajra, natokea Lugoba. Nimekuja Kaole kwa dada yangu, nikasema nisirudi bila kupita hapa.

Akashusha kikapu, akakaa. Akakaa pale pale, nafasi ya mwisho karibu na dele. Khamis alinyanyua kidole aseme, Bi Ashatu akamkata jicho, akammiminia mgeni kahawa na kumpa kashata. Sufiani, kwa kukosa la kufanya, akabonyeza tena.

Simu ikalia ndani ya kipochi cha Hajra.

— Haya tena! Hawa matapeli hawachoki? Siku ya tatu wananiletea namba. "Baraza la Mwambao, namba yako ya kuhamia ni..."

— Isome, mama! alipiga kelele Sufiani. Isome yote!

Hajra akakifumbata kipochi.

— Sisomi kitu. Nitajuaje kama matapeli wenyewe si nyinyi?

Wote wakaanza kusema kwa pamoja: tume, kidole, kikohozi. Mama wa watu akazidi kuogopa. Mahmoud akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, hiyo namba ilikuwa ya rafiki yetu. Akiitwa Salumu.

— Salumu? Hajra alimtazama. Kumbe ndiye aliyekuwa akiandikiwa. Basi na Mahmoud ni nani hapa?

Kijiwe kizima kikamgeukia Karani.

— Mimi, alisema.

— Wewe ndiye niliyemfuata. Mwaka juzi nilifiwa na mume wangu. Ikaja Idi, hakuna hata mmoja aliyenikumbuka. Simu ikalia mara moja tu siku nzima. "Idi njema, ndugu yangu. Mahali pako papo. Mahmoud, Kona ya Mashine, Bagamoyo." Nilijua si yangu, babu. Lakini nililia, nikainuka, nikapika pilau. Nimekuja kusema ahsante.

Mahmoud, aliyesoma mashtaka ya watu mahakamani miaka thelathini bila kukwama, alishika kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Bi Ashatu alijifuta macho kwa ncha ya kanga wala hakuwaficha.

Hajra akaisoma namba polepole, tarakimu sita, na Sufiani akazijaza moja moja. Wakangoja. Kisha akasoma kwa sauti:

— "Karibu, Kona ya Mashine. Maandishi yako yote yamehama."

— Mtafute Abdurabi, alisema Mahmoud.

Sufiani akatafuta, akampa simu. Yalikuwapo. Hata lile la kwanza, ambalo Salumu, badala ya "mdogo wa Karani", alikosea akaandika "mdogo wangu" kana kwamba Abdurabi ni wake mwenyewe.

— Alhamdulillahi, alisema Mahmoud. Mungu amlipe Salumu, amlipe na Shadya, akulipe na wewe, mwanangu.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Khamis.

— Leo umelipatia, alisema Bi Ashatu. Tena usiongeze jingine.

Wakacheka wote, na Hajra akacheka nao. Halafu akauliza, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kuelewa tu:

— Lakini namba ya rafiki yenu si mnayo? Siku tatu mnatuma tu. Mbona hamkupiga?

Khamis alitazama kandambili zake. Sufiani, asiyepitwa na kitu, alianza kufuta kioo cha simu kwa shati. Kila mmoja wao alikuwa na jina lile kwenye simu, na miaka mitano hakuna aliyelifuta wala kuligusa. Bi Ashatu akainamisha dele amwongeze mgeni, likatoa tone moja. Kahawa ilikuwa imekwisha.

Mahmoud akatoa simu yake mfukoni.

— Nikipiga sasa hivi, utapokea?

— Nitapokea, babu.

Akalitafuta jina: Salumu Fundi. Akabonyeza, akaiweka sikioni. Kipochi kikalia hapo hapo kwenye benchi, hatua mbili kutoka kwake. Hajra akaitoa simu yake, akamtazama usoni, akapokea.

— Haloo.

— Haloo, alisema Mahmoud. Ahsante kwa kupokea.