Mwalimu Tabitha Wamuyu na Maagizo ya Seva Tatu

Tabitha Wamuyu Kipkemoi, ambaye wengi wetu tulimwita Tabby, alizaliwa tarehe 18 Agosti 1981 huko Kabazi, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Naftaly Muturi na Mama Wachuka. Alikulia katika boma la babu yake, Mzee Muturi, ambaye wanawe wote walifuata desturi, kila mmoja akampa kifungua mimba wake wa kiume jina la mzee. Basi nyanya akisimama mlangoni pa jikoni na kuita, "Muturi, leta kuni," ama walikuja wote wanne wakisukumana, ama hakuja hata mmoja, kila mtu akidhani ameitwa mwenzake. Tabby ndiye aliyewatenganisha angali msichana mdogo: Muturi wa Ng'ombe, Muturi wa Juu, Muturi Meno na Muturi wa Redio. Majina hayo wanayo hadi leo, na wawili wao wamebeba jeneza asubuhi hii.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kabazi hadi mwaka 1995, kisha sekondari ya bweni upande wa Subukia, akamaliza mwaka 1999. Mwaka 2001 alijiunga na chuo kikuu Njoro kusomea sayansi ya kompyuta. Kabla ya hapo hakuwa ameigusa kompyuta. Alipenda kusimulia kwamba wiki ya kwanza aliogopa kuizima asije akaiua, hivyo alikuwa akimwachia jirani yake kazi hiyo. Waliosoma naye wanakumbuka baridi ya asubuhi, chai ya rangi kwenye vikombe vya plastiki, na sauti yake akisoma maagizo ya mashine kwa utulivu wa mtu anayesoma Neno kanisani. Alihitimu mwaka 2005, na Januari 2007 akaajiriwa kufundisha katika chuo cha ufundi mjini Nakuru. Hakuhama chuo hicho tena.

Tarehe 5 Desemba 2009 alifunga ndoa na Bwana Bethwel Kipkemoi, mwalimu wa kilimo kutoka hapa Molo. Isemwe wazi kwamba wakati huo, baada ya machafuko ya uchaguzi wa 2007, kulikuwa na watu wa pande zote mbili waliokuwa hawajaanza tena kusalimiana. Shangazi mmoja alimuuliza Tabby, "Na huko Molo utaongea na nani?" Akajibu, "Na mume wangu, shangazi. Hao wengine nitawazoea pole pole." Aliwazoea, na waliokuja leo kutoka ng'ambo zote za barabara ni ushahidi. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jepleting na Kiprugut.

Kazi iliyomfanya ajulikane mbali ilianza mwaka 2019. Alikuwa akiwafundisha wanafunzi kuunda mashine pepe tatu, yaani kompyuta tatu zinazoishi ndani ya kompyuta moja, kisha kuziunganisha zifanye kazi kama kundi moja la seva. Walifuata maagizo ya kusakinisha programu ya kuunganisha mashine hizo, yanayotolewa bure mtandaoni na wenye programu hiyo, watu wa kujitolea walioko nchi za mbali. Mwanafunzi mmoja, Kipkirui, kijana mwenye akili nyingi, alijaribu wiki baada ya wiki. Mashine ya pili ikiingia, ya tatu inatoka. Siku moja hakuja darasani, wala siku iliyofuata. Tabby alimpata Kikopey, kwenye bucha ya nyama choma ya mjomba wake, kisu mkononi.

"Sasa, Kipkirui."

"Poa, madam. Nikukatie mbavu ama mguu?"

"Nikatie sababu ya kuacha masomo."

Kijana alicheka, kisha akaacha kucheka. "Madam, ile kitu nilifuata line kwa line. Ikakataa. Na imeandikwa na watu wamesoma, so mwenye shida ni mimi. Hapa nyama ikiungua, angalau najua ni mimi nimeiunguza."

Tabby alirudi nyumbani bila kula. Aliketi akafuata maagizo yale kama mtu asiyejua lolote, akaukataza mkono wake kufanya jambo lolote ambalo halikuandikwa. Ikakataa. Maagizo yalisema: unda mashine moja, inakili mara mbili, endelea. Hayakusema kwamba kila nakala huzaliwa na jina na namba ya utambulisho ya ile ya kwanza, na kwamba lazima ubadilishe kabla ya kuziunganisha. Yeye alikuwa akibadilisha kwa mazoea, bila hata kujiona. Kwa wanafunzi alieleza hivi: "Hawa ni akina Muturi watatu. Kiongozi akiita, hajui amemwita nani. Aliyeandika haya hajawahi kuishi kwetu."

Jumamosi iliyofuata alirudi Kikopey. "Kipkirui, si wewe uliyeunguza," alisema. "Kavue hiyo aproni." Jumatatu kijana alikuwa darasani.

Tabby aliandika marekebisho, akayajaribu upya na wanafunzi wa kila mwaka, na alipoyaona yamekamilika akayatuma kwa wenye programu. Juu kabisa aliongeza sentensi moja: "Ukifuata hatua hizi zote na ikakataa, kosa ni la maagizo, si lako, tafadhali tuandikie." Walimjibu kwa adabu. Hatua ni nzuri, walisema, lakini sentensi hiyo iondolewe, kwa sababu maagizo si mahali pa kumfariji mtu. Tabby alikataa. Wao nao wakakataa. Mwaka ukapita, wa pili ukaingia, barua zikienda na kurudi. Wapo waliomwona msumbufu. Lakini yeye alijua lile ambalo wengi wetu hatutaki kulikubali: katika nchi hii mtoto wa maskini hufundishwa mapema kwamba kilichoandikwa hakikosei, na kwamba kikimshinda, basi amezaliwa mjinga. Ni wangapi tumewapoteza hivyo? Wangapi wako nyuma ya bucha wakiamini hivyo hadi leo?

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alitibiwa Nakuru na Nairobi, na kati ya matibabu alirudi hapa nyumbani, akaketi karibu na jiko la makaa, blanketi magotini na kompyuta juu ya blanketi. Mumewe alimshauri kuhusu ile sentensi, kwa namna yao ya kutaniana.

"Mama Jepleting, ng'ombe amefika zizini. Unamfukuza kwa sababu kengele imebaki nje?"

"Bila kengele, siku akipotea utamsikiaje, mwalimu?"

"Sitamsikia. Lakini leo maziwa yanahitajika."

Mapema Februari mwaka huu, mikono ikiwa imechoka, alimwita binti yake aandike kwa niaba yake.

"Toa ile sentensi. Wape hatua peke yake."

"Lakini Mum, si ulisema hutawahi kuitoa?"

"Nilisema. Sasa kuna mtu amekwama mahali kwa sababu mimi nimekwama kwa sentensi. Tuma, mama."

Tarehe 14 Februari 2025 marekebisho yalikubaliwa, na ndiyo yanayosomwa sasa duniani kote. Hakusherehekea. Aliomba uji, akaunywa wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda, kisha akasema kwamba wenye programu ni watu wema ila hawajawahi kuaibishwa na karatasi.

Aliaga dunia alfajiri ya Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025, katika hospitali moja mjini Nakuru, mumewe na mama yake wakiwa kando yake.

Ameacha mume, Bwana Bethwel Kipkemoi. Watoto, Jepleting na Kiprugut. Mama yake mpendwa, Mama Wachuka. Ndugu zake, akina Muturi wote wanne, na wanafunzi wasiohesabika. Darasa lake sasa linafundishwa na Mwalimu Kipkirui. Jumanne wiki hii, msichana wa mwaka wa kwanza aitwaye Anyango alikwama katika maagizo hayo hayo, hatua ya mwisho. Hakufunga begi lake. Alisimama mbele ya wenzake akasema, "Mwalimu, hapa wamekosea." Walijaribu pamoja hadi jioni. Walikuwa wamekosea kweli. Marekebisho yake yalitumwa jana, kwa jina la Anyango.

Bwana ampe Tabitha Wamuyu pumziko jema katika udongo huu wa Molo.