Pikipiki Haikuwa ya Marehemu

Shikamooni mama zangu. Na nyie wenzangu, salaam aleikum, na wale wa kanisani, Bwana asifiwe. Mama mwenyekiti kaniomba niseme kwa upole. Nimemwitikia, lakini nawaambia mapema, upole leo nimeuacha nyumbani. Majina sitaji. Anayejijua ajijue.

Mnaijua ile pikipiki nyekundu ninayobebea mayai na mchicha kutoka hapa Mwera kwenda kwenye hoteli za Ushongo. Niliinunua mie. Niliuza mbuzi wangu, nikaongeza fungu langu la kikoba hiki hiki, nikaichukua ikiwa imetumika kidogo, injini haijaguswa. Kadi ikabaki na jina la aliyeniuzia, kama pikipiki nyingi za huku. Mume wangu, Mungu amrehemu, ndiye aliyekuwa akiiendesha. Asubuhi anapeleka mzigo wangu, mchana anabeba abiria.

Sasa ndugu zangu, mnajua wanawake wa huku tulivyofundwa. Mtu akiuliza, "Pikipiki ya nani hiyo?" najibu, "Ya baba watoto." Kuku wa baba watoto, shamba la baba watoto, hata cherehani! Mwanamke mwenye adabu hasemi mbele za watu kwamba mumewe kapanda cha mkewe, ataambiwa kamkalia mume kichwani. Basi nikasema hivyo miaka yote, na watu wakaamini. Naona wengine mnainamisha vichwa. Inamisheni tu, si mie peke yangu.

Mume wangu akafariki kwa homa ya ghafla, nikaingia eda. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu, akaja mpaka mlangoni kwa sauti ya huzuni. "Shemeji, chombo kikikaa kitaharibika. Acha niwe nakichangamsha." Kukichangamsha! Na mie nikamshukuru, wallahi, nikamwombea dua. Kumbe kikulacho ki nguoni mwako. Alikibebesha magunia ya mkaa mpaka kikapinda kibebeo, na oili hakuwahi kubadilisha. Nilipotoka eda nikakikuta kinatoa moshi kama tanuri la kukaushia mbata. Namuuliza, ananijibu, "Kimezeeka, shemeji." Kimezeeka ndani ya eda yangu? Lo!

Nikajifunza kuendesha mwenyewe. Mlinicheka, msikatae, na baibui langu nimelifunga kiunoni. Lakini mabinti zangu wawili walikuwa wanakula kwa yale mayai, hakuna kingine. Siku moja njia ya Ushongo injini ikakwama katikati ya jua la mchana. Nikaisukuma kwenye mchanga huku nalia kwa hasira, matrei ya mayai yanagongana nyuma, mpaka kwa fundi.

Fundi akachungulia, akasema, "Dada, ringi zimekwisha na bloku imekwanguka. Ama tufungue injini tuweke bloku mpya na pistoni yake, ama utafute pikipiki nyingine."

"Fungua," nikamwambia.

"Mwenyewe kasemaje?"

"Mwenyewe si ndiye mie?"

Akacheka. Ndugu zangu, akacheka! "Namaanisha shemejio. Chombo cha marehemu sikifungui bila wenyewe, nisije nikaingizwa kwenye mirathi ya watu."

Nilitamani nimtwange na spana. Mtu kanikuta nasukuma, jasho linanitoka, ananiuliza mwenyewe yuko wapi. Akaifunika turubai, akaiacha pale na kuku wake wakawa wanalala juu.

Shemeji aliposikia akaja mbio. "Kutengeneza hiyo ni kumwaga maji mchangani. Tuiuze hivyo hivyo, tugawane kisheria, na wewe nitakutafutia tajiri akupe mpya ya mkataba."

Niliwaza sana, siwafichi. Mpya haina moshi, haikuachi njiani. Lakini ya mkataba ni ya tajiri mpaka umalize kumlipa. Hoteli zikikosa wageni, hesabu ya wiki ikikupita, anakuja kuichukua mbele ya wateja wako. Na ile ya zamani je? Nikiitengeneza, ukoo watangoja iwake, waje waseme ni urithi. Nikiiacha waiuze, nimekubali kwamba ilikuwa yao. Nikawa sili, silali. Haikuwa tena habari ya bloku na pistoni.

Wakaitisha kikao. Baba mkubwa wa mume wangu kakaa juu ya kiti, wanaume pembeni yake, sisi wanawake mkekani. "Pikipiki ya marehemu," anasema huyu. "Chombo cha marehemu," anasema yule. Wanabishana bei yake, mie niko pale pale, hakuna aliyenigeukia. Hasira ikanipanda mpaka macho yakaona giza. Nikasimama.

"Shikamoo baba mkubwa. Pikipiki si ya marehemu. Ni yangu. Mume wangu alikuwa akiendesha yangu."

Shemeji akaruka. "Unamvua nguo ndugu yangu kaburini! Miaka yote unasema ni yake, leo hayupo imekuwa yako?"

Na ni kweli nilisema. Kinywa changu mwenyewe! Hapo ndipo nilipoona nimekwisha.

Mama mkwe wangu alikuwa mkekani, tasbihi mkononi. Nilijua atasimama na wanawe. Akasema bila kuinua macho, "Mwacheni. Mwanangu hakununua pikipiki. Aliniambia mwenyewe, 'Mama, hii ya mke wangu, lakini usimwambie mtu.' Nikanyamaza kumlindia heshima. Heshima yake imetosha. Sasa mnataka nile haramu uzeeni?"

Naye mama yule fungu alikuwa nalo kwenye mirathi, akalikataa mbele yao wote. Baba mkubwa akafunga kikao. Shemeji alitoka bila kuaga, na mpaka leo hajarudi kwangu.

Nililia, na siyo kwa furaha tu. Nilimkasirikia mume wangu, Mungu anisamehe. Kumbe alijua! Alijua ni haki yangu, na neno lenyewe alilisema kwa kunong'ona, kwa mama yake tu.

Kesho yake nikarudi kwa fundi, nikatoa kuku juu ya kiti, nikamwambia, "Mwenyewe kaja. Fungua." Akafungua. Sikuitengeneza kwa sababu ni kumbukumbu, wala kwa sababu mpya ni mbaya. Fremu ilikuwa nzima, na yangu yenye kovu naitaka kuliko mpya ya tajiri. Ikifika siku imechoka kabisa nitaiuza mie, nami nitaamua nanunua nini. Sitaitishiwa kikao.

Nawashukuru nyie wa kikoba mlionikopesha bila kuniuliza shemeji kasemaje. Namshukuru mwenzetu aliyenipelekea mayai kwa baiskeli wakati pikipiki iko chini ya turubai, hata hoteli hazikunikimbia. Na mama mkwe wangu, ambaye leo anakaa kwangu, sina cha kumlipa.

Funzo langu ni fupi. Msingoje kufiwa. Leo ukifika nyumbani, mumeo amekaa, watoto wanasikia, mama mkwe anasikia, sema, "Cherehani yangu. Shamba langu. Mbuzi wangu." Sema kwa sauti. Kama anakupenda atacheka, aseme, "Ndiyo, yako." Asipocheka, mama, heri umejua angali hai, maana huyo unaweza kubishana naye.