Ritifaa ya Mang'eli

Mheshimiwa Diwani, Bwana Kagwe mkurugenzi wa chuo chetu hapa Ruiru, walimu, wazazi mliotoka Gatuanyaga na vumbi lenu, nanyi wenzangu mnaohitimu leo: kwanza mniwie radhi. Niliombwa kuandika maneno haya tangu mwaka huu wa tisini na tisa uanze, nami nimeyaandika jana, kwa mkono mmoja, maana ule mwingine ulikuwa na mtoto anayeota meno.

Mnaijua websaiti yetu ya kutafuta kazi. Fundi wa kushona wa mtaa wa Kimbo anajiandikisha, mwenye kiwanda Thika anaandika jina au kazi kwenye kisanduku cha kutafuta, wanapatana. Kile kisanduku hatukukitengeneza sisi. Ni kipande cha programu, plagini, tulichokipata bure kwenye mtandao tukakichomeka tu. Nani angekataa kitu cha bure kinachofanya kazi?

Siku moja darasani nilitaka kukijaribu, nikaandika jina lililokuwa mgongoni mwangu: Mang'eli. Badala ya kusema hayupo, ukurasa ukamwaga Kiingereza cha ajabu pamoja na mambo ya ndani ya databesi yetu, yaani ghala la taarifa za waliojiandikisha.

"Ai, Mama Mang'eli, umeandika nini?" Mwalimu Kiilu akauliza.

"Jina la mtoto."

"Hata hajatambaa na ashavunja websaiti!" mwenzetu Zubeida akasema, darasa likacheka.

Mwalimu hakucheka sana. Alivuta kiti. Kumbe ile alama ya ng', ambayo shuleni tulifundishwa inaitwa ritifaa, ndiyo hiyo hiyo ambayo SQL, lugha ya kuiagiza databesi, hutumia kufunga neno. Databesi iliona jina limeishia "Mang", na kilichofuata ikakichukua kuwa amri. Ni kama umtume mtoto dukani na karatasi, kisha njiani mtu aongeze mstari wake chini: na umpe funguo za stoo. Mwenye duka atajuaje kwamba si wewe? Mwalimu akaongeza mstari wake baada ya ritifaa, na mbele yetu wakatokea wote waliojiandikisha, na mahali wanapolala.

Kamene, mwenzetu, alikuwa nyuma yangu. Ameniruhusu niseme kwamba alimkimbia mtu aliyemvunja mkono. Anakoishi sitasema, na hiyo ndiyo sababu ya hotuba hii. Aliangalia skrini, akasema polepole, "Hapo ni kwangu."

Tuliifunga websaiti kabla ya chai, na Kamene akaliondoa jina lake. Bwana Kagwe, ulitaka ifunguliwe haraka. Uliniambia, "Mama, si watu waandike tu bila hiyo alama?" Nilikujibu, na leo narudia kwa heshima: jina la mwanangu halina makosa. Mwalimu naye akaeleza kwamba hata ukizuia ritifaa, mahali pa kuandika nambari SQL haifungi kwa ritifaa, na mwizi atapita hapo bila kuihitaji. Ulitusikiliza, ukatupa muda. Kwa hilo nakusifu mbele ya watu.

Sasa swali linaenda kwa databesi likiwa limekamilika, na nafasi moja iliyowekewa alama ya kuuliza. Jina linafuata peke yake, kama ndani ya bahasha, na chochote kilichomo kinasomwa kama jina tu, hata kiwe na ujanja gani. Kisanduku kinaruhusiwa kusoma majina na kazi, basi, makao hakiyagusi. Kukitokea hitilafu, mgeni anaambiwa ajaribu tena, na sisi ndio tunaona kilichovunjika. Kile kitabu cha wageni, plagini nyingine kwenye websaiti ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuandika humo, tumekitoa, kwa sababu plagini usiyoitumia bado ni mlango. Zilizobaki, mwenzetu Mwongeli anaangalia kila Ijumaa kama waliozitengeneza wametoa marekebisho.

Tumejaribu kuivunja wenyewe, darasa zima, kwa hasira. Imekataa.

Leo asubuhi Kamene aliniuliza, "Nikirudisha jina langu, nitalala?"

"Utalala kunishinda mimi," nikamwambia. Akacheka, akaketi, akaandika.

Websaiti imefunguliwa, ndugu zangu. Lakini bado nahitaji mnitumie vitu. Mheshimiwa Diwani, ile laini ya simu uliyotuahidi. Nyinyi wenye websaiti huko Thika, majina ya plagini zenu zote, hata zile mlizozisahau. Na nyinyi mnaotafuta kazi, akina Wang'ombe, akina Kang'ethe, majina yenu kamili, pamoja na ritifaa zake.

Asanteni kwa masikio yenu.