Mama Simu na Majina Makubwa

Marehemu mama yetu, ambaye wengi mlimwita Mama Simu, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953 katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha matofali, binti wa fundi cherehani. Alisoma shule ya msingi hapo hapo kiwandani, kisha sekondari ya wasichana hadi mwaka 1971.

Mwaka 1974 aliajiriwa hospitalini kupokea simu za gari la wagonjwa, kazi aliyoifanya mpaka alipostaafu. Huko ndiko majina makubwa yalikomchosha. Kila kibanda kiliitwa Plaza, kila kichochoro Barabara Kuu, na bomba lililokauka likawa Chemchemi ya Milenia. Siku moja ya mvua kubwa, kijana alipiga simu, mkewe ameshikwa na uchungu.

"Tuko Lango la Dunia!"

Malango ya Dunia mjini yalikuwa matatu.

"Baba, achana na dunia. Mbele yako kuna nini?"

"Kinyozi... na lori bovu."

Gari lilifika, mtoto akazaliwa salama. Mama alirudi nyumbani amefura. "Watu watakufa kwa kupenda sifa!"

Aliolewa na baba yetu, fundi umeme, tarehe 4 Septemba 1976. Baba, kwa bahati mbaya, aliyapenda majina hayo. Siku ya kumposa alimwita wakutane "Bustani ya Wapendanao". Mama alizunguka mpaka miguu ikawaka moto, akamkuta kwenye benchi kando ya kituo cha mafuta. "Ungesema kituo cha mafuta ningeshafika," alimwambia. Hata hivyo alikubali.

Februari mwaka huu moyo wake ulizidiwa. Baba akapiga simu ya gari la wagonjwa: "Njooni Mnara wa Karne..." Mama, akihema kwa shida, alimpokonya simu. "Ni mnara wa simu tu. Nyuma ya mashine ya kusaga, geti la kijani." Walifika upesi, nasi tukajaliwa kuwa naye kwa muda zaidi. Alifariki tarehe 11 Mei, usingizini, baba amemshika mkono.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu saba na mdogo wake wa kike.

Jana mwenyekiti wa mtaa alikuja kutupa pole, akapendekeza kivuko cha mbele ya nyumba yetu kiitwe Daraja la Kitaifa la Mama Simu. Familia imeshukuru, na imekataa. Ni ubao juu ya mtaro.

Mungu ampe mama yetu pumziko jema.