Vipimo Vyangu Vimekuwa vya Wote

Asubuhi nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi. Binti mwenye bahasha alikuwa akimweleza mama aliyeketi naye kwamba fundi wake wa nguo alipiga picha gauni lake likiwa juu ya daftari, akaiweka mtandaoni. Daftari lilikuwa wazi: jina, namba ya simu, nyumba anayokaa na vipimo vyake.

"Wanaume nisiowajua wananipigia. Majirani nao wamesikia tu kwamba vipimo vyangu viko mtandaoni, sasa wananipa pole ya ugonjwa!"

Mama alicheka, kisha akamshika mkono. "Nisamehe, mwanangu. Lakini na mimi ni fundi. Tusipoonyesha kazi, nani atatujua?"

"Onyesha gauni, mama. Mlango wangu wa nini? Sheria inakataza kutangaza habari zangu bila ridhaa yangu. Ndiyo maana napeleka bahasha hii ya malalamiko kwa wanaosimamia sheria hiyo."

"Umshtaki fundi wako? Si umwonye kwanza?"

"Nimemwonya mara tatu. Picha bado ipo."

Mama akatoa simu yake. Nilichungulia, uzee una ruhusa zake. Gauni juu ya daftari, suruali juu ya daftari. Alizifuta picha hizo moja moja. "Huyu hata umri nimemwandikia," akanong'ona. "Mungu wangu."

Basi liliposimama kituo cha binti walikuwa bado wanabishana kama fundi yule aonywe mara ya nne. Lakini mama aliteremka na binti, akimbebea bahasha, ingawa tiketi yake ilikuwa ya kituo cha mwisho, kama yangu.